Kabla Hujafungua Kesi ya Madai: Mwongozo kwa Watu wa Tanga

"Mtu kanichukulia lori zima la machungwa, sasa hapokei simu. Nimpeleke wapi?" "Kaka yangu kauza kiwanja cha marehemu baba kule Pongwe, nianzie polisi?" "Kesi ya milioni tatu inafaa kufunguliwa, au napoteza muda?"

Maswali haya hayaishi. Kinachoumiza ni kwamba mengi yanakuja mtu akiwa ameshalipa wa kumwandikia karatasi, ameshafungua mahali pasipohusika, na shauri limeshatupwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga mjini. Nimeandika hatua hizi ili uzipitie kabla hujatoa hata shilingi ya ada. Watu wengi hujiuliza kama watashinda. Wachache sana hujiuliza wakishinda watalipwa kutoka wapi, na hilo la pili ndilo linaloamua kama kesi yako ina faida.

Mwongozo unahusu madai: deni, mkataba, ardhi, fidia. Kama umeibiwa au umepigwa, hiyo ni jinai, nenda kituo cha polisi. Lakini deni la kawaida si kazi ya polisi. Ukimpeleka mdeni wako kituoni ili "atishwe alipe", mara nyingi mnarudishwa nyumbani wote wawili, na yeye ameshajua huna njia nyingine.

Uwe na nini mkononi

- Mkataba, risiti, hati, au karatasi yoyote mliyoandikiana. Tunza halisi, toa kopi tatu.
- Taarifa ya miamala ya simu au benki, iliyotolewa na kampuni yenyewe. Picha ya skrini peke yake haitoshi.
- Ujumbe wa simu mliotumiana. Usifute, na usiuze simu hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, lakini lazima uonyeshe umetoka wapi na haujachezewa.
- Majina kamili ya unayemdai na mahali anapoishi: mtaa, kata, alama ya karibu. "Baba Asha wa Makorora" hapelekewi samansi.
- Majina na namba za mashahidi, walioona kwa macho yao, si waliosimuliwa.
- Kitambulisho chako, namba ya simu isiyobadilika, na fedha ya ada, kopi na nauli za kwenda na kurudi mara nyingi.

Hatua ya 1: Andika kisa chako ukurasa mmoja

Tarehe kushoto, tukio kulia. Usiandike uchungu wako hapo, andika matukio tu: nani alisema nini, nani alilipa kiasi gani, nani alikuwepo. Ukishindwa kujaza tarehe, acha nafasi ukaitafute. Ukurasa huu utakusaidia mbele ya karani, mbele ya wakili na siku ya kutoa ushahidi.

Hatua ya 2: Hesabu muda

Sheria ya Ukomo wa Muda haina huruma. Madai ya mkataba ni miaka 6, madhara kama uzembe ulioleta hasara ni miaka 3, ardhi ni miaka 12. Kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Muda unahesabiwa tangu haki yako ilipovunjwa, sio tangu ulipopata hasira au hela ya wakili.

Shauri lililofunguliwa nje ya muda linatupwa hata kama mdaiwa mwenyewe anakubali rohoni kwamba anadaiwa. Zipo njia mbili za kukumbuka. Kwanza, mdeni akikiri deni kwa maandishi na sahihi, au akilipa sehemu yake, kabla muda haujaisha, saa inaanza upya. Pili, Waziri wa Sheria ana mamlaka ya kuongeza muda wa kufungua shauri kwa hadi nusu ya muda wa kawaida, ukimwandikia na kumpa sababu nzito. Usiitegemee hiyo ya pili.

Hatua ya 3: Nani hasa anadai, na nani anadaiwa?

Hapa ndipo kesi nyingi za Tanga zinapofia, hasa za nyumba za familia kule Ngamiani na mashamba ya minazi na mikorosho.

*Mali ya marehemu.* Kuwa mtoto wa marehemu hakukupi haki ya kushtaki kwa niaba ya mirathi. Anayeshtaki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama marehemu aliishi kwa taratibu za Kiislamu au za kimila, Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayomteua: mnapeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia, tangazo linatoka, kisha uteuzi. Fanyeni hili kwanza hata kama mdogo wenu ameshaanza kumwaga kokoto kwenye kiwanja. Nimeona wanandugu wakishindana hadi rufaa, mwisho wanaambiwa hakuna kati yao aliyekuwa na haki ya kusimama pale tangu siku ya kwanza.

*Umenunua kiwanja, akatokea mtu akasema ni chake.* Muunganishe kwenye kesi aliyekuuzia. Yeye ndiye ajuaye alikipataje, na ukimwacha nje hukumu yako inaweza kutenguliwa.

*Kikundi, VICOBA, duka.* Kikundi kisichosajiliwa hakina mikono ya kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake. Jina la duka lililoandikwa ukutani si mtu, mshtaki mmiliki wake. Kampuni unaishtaki kwa jina lililo BRELA, wakala anayesajili kampuni, herufi kwa herufi. Msikiti au kanisa hushtakiwa kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa.

*Serikali.* Ukitaka kuishtaki wizara, wakala wa serikali au hata halmashauri, unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mabadiliko ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwetu iko hapa hapa Tanga mjini, huna haja ya kupanda basi la Dar es Salaam.

Hatua ya 4: Pima ushahidi bila kujipendelea

Anayedai ndiye anayethibitisha. Chukua karatasi yako na uisome kama mtu asiyekupenda.

Mfano wa kawaida kabisa unaoletwa mezani: ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, umekunjwa mara nne. Juu umeandikwa "Nimepokea mil. 4 toka kwa Bi. Mwana". Hakuna tarehe. Hakuna kusema ni mkopo, malipo au amana. Sahihi ni mstari mmoja uliopinda. Mashahidi ni wawili, majina ya kwanza tu, na mmoja ameshahamia Mombasa. Karatasi hiyo si bure, lakini peke yake haitembei. Inahitaji muamala wa benki wa siku ile, ujumbe wa mdeni akisema "nivumilie hadi mwezi ujao", na yule shahidi wa pili akubali kuja. Bila hivyo, mwenzako atasema ilikuwa bei ya mbuzi aliokuuzia, na utabaki unaapa.

Angalia pia haya mawili. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa usipokelewe kama kielelezo, basi nenda TRA ukaulipie mapema. Na kama wewe ulikuwa ukikopesha watu kwa riba bila leseni, jua kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inalihesabu hilo kuwa kosa. Onana na mwanasheria kabla hujajipeleka mwenyewe mbele ya hakimu.

Hatua ya 5: Pima mfuko wake, kisha wako

Tuliza moyo hapa usome polepole.

Hukumu ni karatasi. Mdaiwa asipolipa kwa hiari, unarudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, ndipo dalali wa mahakama anaagizwa kukamata mali na kuuza. Anakamata nini? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mke na watoto wake, nguo zao, vyombo vya kupikia, na zana za fundi anazofanyia kazi. Kwa hiyo ile nyumba ya Mikanjuni unayoipigia hesabu kila ukipita huenda isiguswe kabisa.

Ulizia kwa utulivu, kabla hajajua unajiandaa:

- Ana kiwanja kingine, au fremu anazopangisha?
- Bodaboda au gari analoendesha, kadi ina jina la nani? Mara nyingi ni la mwingine.
- Ana mshahara, akaunti, mzigo dukani?
- Wako wangapi wengine wanaomdai?

Kumpeleka gereza la madai kunawezekana, lakini gharama ya kumlisha mle ndani unatoa wewe unayedai, na akiwa ndani hatafuti hela. Ukiona hana kitu leo ila ana dalili ya kuinuka, kumbuka hukumu inaweza kukaziwa ndani ya miaka 12. Hapo kesi inaweza kuwa na maana. Ukiona hana kitu na hatakuwa nacho, chukua maandishi ya kukiri deni, kubali malipo ya kidogo kidogo, na usifungue.

Sasa mfuko wako. Andika ada, kopi, nauli za mashahidi, siku ambazo genge au duka litafungwa, wakili kama yupo. Zidisha safari, kwa sababu kesi hutajwa, huahirishwa, na hutajwa tena. Ongeza na hili: kwa kawaida anayeshindwa hulipa gharama za mshindi. Kama unadai laki nne na gharama yako itafika laki tatu na nusu, umeshapata jibu.

Hatua ya 6: Mpelekee barua ya madai

Usiruke hatua hii hata kama mmegombana. Barua nzuri ni fupi, haina matusi, haina vitisho vya polisi. Hivi inatosha:

> Tanga, (tarehe)
> Kwa Ndugu (jina kamili), Makorora, Tanga.
>
> YAH: MADAI YA SH. 3,200,000/=
>
> Tarehe 14 Juni nilikukabidhi lori moja la machungwa kutoka Muheza kwa bei ya sh. 4,200,000/=, tukiwa pamoja na (jina la shahidi). Tarehe 2 Julai ulinilipa sh. 1,000,000/= kwa simu. Zimebaki sh. 3,200,000/=, ulizoahidi kumaliza mwisho wa Agosti.
>
> Naomba uzilipe ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Kama unahitaji kulipa kwa awamu, njoo tuandikiane. Usipolipa wala kunijibu, nitafungua shauri kudai fedha hizo pamoja na gharama.
>
> (Jina, sahihi, simu)

Toa nakala mbili. Moja anaipokea, nyingine anaitia sahihi na tarehe. Akikataa kusaini, ipeleke ukiwa na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, naye aandike kwamba alishuhudia. Mwenyekiti hahukumu, lakini ni shahidi anayeaminika. Na mkikubaliana pale ofisini kwake, andikeni kiasi, tarehe za kulipa, na neno "nakiri kudaiwa". Kumbuka hatua ya 2: karatasi hiyo inaianzisha saa upya.

Tahadhari: usisaini maandishi yanayosema "madai yote yamekwisha" huku umepokea nusu.

Hatua ya 7: Chagua mlango sahihi

*Deni na mkataba.* Mahakama ya Mwanzo inapokea madai hadi sh. milioni 30. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi hupokea hadi milioni 200 kwa madai yasiyo ya mali isiyohamishika. Kanuni ni kuanzia mahakama ya chini kabisa yenye uwezo. Usiongeze "fidia ya usumbufu milioni 250" ili upande juu. Kinachohesabiwa ni dai la msingi, sio fidia ya jumla, yaani ile unayoiachia mahakama ikadirie. Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika shauri la Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya masista wa Our Lady of the Usambara, lililomo kwenye ripoti za sheria za 2006. Mahakama ya Mwanzo ni rahisi kwa mtu wa kawaida: unaweza hata kueleza dai lako kwa mdomo likaandikwa.

*Ardhi.* Usiende Mahakama ya Mwanzo. Tangu 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu tena, kazi yake ni kusuluhisha. Unaanzia hapo, mkishindwana unapewa hati ya kuonyesha suluhu imeshindikana, na kama siku 30 zimepita bila suluhu unaweza kuendelea. Kisha unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo uwezo wake kwa kudai umiliki wa ardhi ni hadi milioni 300. Eleza eneo vizuri: mtaa au kijiji, ukubwa, majirani wa pande zote nne, namba ya kiwanja kama kimepimwa. Maombi yanayosema tu "shamba langu lililopo Mkinga" yanatupwa.

*Kazi.* Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Tanga.

*Ndoa.* Kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye hati ya kuonyesha suluhu imeshindikana. Kwa Waislamu, mabaraza ya BAKWATA yanafanya kazi hiyo.

Kuhusu mahali: ardhi inashtakiwa ilipo. Deni unaweza kulifungulia anapoishi mdaiwa au pale jambo lilipotokea. Mteja wako akihamia Mbagala baada ya kupokea mzigo Tanga, huna lazima ya kumfuata.

Hatua ya 8: Amua kuhusu wakili

Deni dogo lenye karatasi safi unaweza kulisimamia mwenyewe. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo hofu ya Kiingereza isikuzuie. Ardhi yenye watu wengi, kampuni, serikali, mirathi iliyochafuka: tafuta wakili. Mhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kumlipa. Wako watu wanaozunguka nje ya mahakama na bahasha kwapani, wanaandika hati kwa elfu kumi, wanajiita mawakili. Hao ni vishoka. Hati iliyoandaliwa na asiyestahili inaweza kuangusha shauri lako zima.

Huna hela? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na kwa asiyeweza kulipa huduma ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako wakuelekeze. Unaweza pia kuomba kusamehewa ada ya mahakama.

Hatua ya 9: Fungua, lipa, hudhuria

Malipo yote yanapitia namba ya malipo ya serikali. Ukiombwa ada mkononi, usitoe, omba namba na utunze risiti. Baada ya hapo hakikisha samansi imemfikia mdaiwa. Katika Mahakama ya Wilaya ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi, kisha mnapitia usuluhishi wa ndani ya mahakama, ambao haupaswi kuzidi siku 30. Uchukulie kwa uzito: mtu anayekataa kukaa mezani hapo mara nyingi anajiongezea mwaka wa kuhangaika.

Kila tarehe unayopewa, ifikie. Ukikosa wewe mdai, shauri linaweza kufutwa.

Ukikwama

*Mdaiwa anakwepa samansi.* Iambie mahakama. Inaweza kuruhusu ibandikwe mlangoni kwake au itangazwe gazetini. Akiendelea kukimbia, shauri linasikilizwa upande mmoja.

*Limewekwa pingamizi la awali.* Usiogope neno. Wanasema kuna kasoro ya kisheria: muda, mahakama isiyo sahihi, mtu asiye na haki ya kudai. Ukifuata hatua ya 2, 3 na 7 hutahitaji kujibu kirefu.

*Shauri limeondolewa.* Uliza: limeondolewa kwa kasoro, au limetupwa kabisa? La kwanza unaweza kurekebisha na kufungua upya ikiwa muda bado upo. La pili njia ni rufaa.

*Shahidi amegeuka.* Omba mahakama imwite kwa samansi, lakini kabla ya hapo kaa naye. Mara nyingi anaogopa majirani, sio ukweli.

*Anauza mali kesi ikiendelea.* Omba zuio mara moja, kwa kiapo, ukieleza ni mali ipi na umejuaje. Usingoje tarehe ijayo.

*Umeshindwa.* Omba nakala ya hukumu siku ile ile. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia hapo Wilaya, ni siku 90. Soma hukumu za mashauri yanayofanana na lako kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, kisha rudi hatua ya 5 na upige hesabu upya kabla ya kukata rufaa.